Pikipiki za Nairobi Huja na Njaa

Vitabu vya safari ndefu za pikipiki vina tabia moja. Kwenye jalada kuna mtu, nyuma yake jangwa, na kando yake pikipiki imesimama kana kwamba haijawahi kuzimika maishani. Sasa fungua ndani. Kurasa kwa kurasa ni za injini iliyogoma: imechemka, imekunywa oili yote, imekataa kuwaka saa nane mchana mahali ambapo kivuli cha pekee ni cha pikipiki yenyewe. Msafiri anaketi chini. Halafu, aya mbili baadaye, injini inanguruma na safari inaendelea. Hizo aya mbili ndizo ninazozisoma kwa makini kuliko zote. Nani alikuwa hapo? Kipuri kilitoka wapi? Nani alishika tochi?

Naendesha nduthi, na napenda historia, na kwa muda mrefu nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti.

Kabla ya kwenda jangwani tuelewane kuhusu injini yenyewe. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nguvu zake, chini ya theluthi moja, ndiyo inayofika kwenye gurudumu. Iliyobaki ni joto. Gari lina maji na rejeta ya kulibeba hilo joto. Pikipiki nyingi katika historia, na karibu boda zote unazoziona leo, hazina maji. Zina hewa. Yale mabapa membamba yanayozunguka silinda kama mapezi ya samaki yapo ili upepo upite katikati yake na kuondoka na joto. Upepo wenyewe unatokana na mwendo: ukienda, injini inapumua, ukisimama na injini inawaka, imeachwa na moto wake. Msaidizi wa pili ni oili, ambayo inalainisha na pia inabeba joto, lakini oili nayo ikizidi moto inakuwa nyepesi kama maji ya chai.

Ndani kuna pistoni, mara nyingi ya alumini. Katika injini nyingi za zamani ilipanda na kushuka ndani ya silinda ya chuma. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na pengo lililopo kati yao halifiki sehemu ya kumi ya milimita kwa injini ndogo. Piga hesabu. Joto likizidi, pengo linakwisha, pistoni inashika, na tairi la nyuma linajifunga ukiwa bado unaenda. Waliowahi kuonja hilo hawalisahau. Kwanza unasikia injini imekuwa nzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Halafu mlio unabadilika, kuna kukwaruza kidogo. Halafu kimya, na wewe unatelezea barabarani ukiomba Mungu.

Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kuelekea Cape Town kwa pikipiki moja. Ilikuwa Panther ya cc 600, iliyotengenezwa na kampuni ya Phelon & Moore huko Yorkshire. Ubavuni walifunga kigari cha abiria, na nyuma wakafunga trela. Hapo nataka usimame kidogo. Injini hiyo ilikuwa na silinda moja. Pistoni moja, kubwa kama kikombe cha uji, ikivuta watu wawili, kigari, trela, maji, petroli, mahema na spana, kwenye mchanga wa Sahara.

Watu wakisoma kuhusu safari hii wanazungumzia jua. Jua lilikuwepo, lakini injini haiuawi na jua peke yake. Kinachoiua ni kazi nzito bila upepo. Kwenye mchanga huwezi kwenda haraka. Unatumia gia ya kwanza na ya pili, injini inazunguka kwa kasi kubwa huku wewe unasonga kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Mapezi hayapati kitu. Na kuna jambo jingine, ambalo nalitoa kwenye kalenda na ramani. Kuanzia kama Novemba hadi Machi, upepo mkavu wa harmattan huvuma Sahara ukitoka kaskazini-mashariki. Wanawake hawa walivuka katika msimu huohuo wakielekea kusini. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya njia, upepo ulikuwa mgongoni mwao. Upepo ukikusukuma kwa kasi inayokaribiana na yako, hewa inayozunguka injini inasimama tuli, kana kwamba umeegesha pikipiki ndani ya chumba na kuiacha ikiwaka. Nitarudi kwa jambo hili, maana limenipata.

Injini iliwafia kabla hawajafika Agadez, mji wa Watuareg katika koloni la Ufaransa la Niger. Pale walikaa wakisubiri vipuri kutoka Uingereza, na Wallach akaifungua injini na kuijenga upya. Si ajabu aliweza. Alikuwa amesomea uhandisi London, na Blenkiron mwaka uleule wa 1934 alikuwa amezunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Wallach naye alifanya hivyo mwaka wa 1939. Hawa hawakuwa watalii waliopotea. Baada ya Agadez walipita Nigeria, Kameruni, Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town.

Ninachokitaka mimi ni Agadez. Mji ule ulikuwa umezoea wageni waliokwama karne nyingi kabla injini haijavumbuliwa. Misafara ya ngamia iliyokwenda Bilma kuleta chumvi ilivuka jangwa la Ténéré miezi ya baridi, kwa sababu walijua kwamba joto halishindwi, hukwepwa. Mji ulikuwa na tabaka zima la wahunzi, inadan, waliofua panga, kufuli, vito na matandiko ya ngamia kwa nyundo na moto wa makaa. Mtu akifika mahali kama pale na chuma kilichovunjika, amefika kwa watu wanaojua chuma. Hata kama kipuri kinatoka Yorkshire, kuna maji ya kunywa, kuna kivuli, kuna benchi la kufanyia kazi, kuna chakula cha siku nyingi za kusubiri. Hayo yote yalitolewa na mtu. Kitabu cha Wallach kuhusu safari hiyo kilichapishwa mwaka wa 2001, miaka miwili baada ya kifo chake. Jina lake limesalia, na anastahili. Lakini safari ile ilikuwa na wenyeji wengi kuliko wasafiri.

Hata oili ina wenyeji wake. Kuna mmea unaoota kando ya barabara zetu, nyuma ya choo, kwenye jaa la taka, na hakuna anayeumwagia maji: mbarika. Wengine wanauita mbono, wengine nyonyo. Asili yake inahusishwa na pande hizi za Afrika Mashariki, na nyanya zetu waliyakamua mafuta yake wakapaka ngozi za watu na za mavazi. Mapema karne ya 20, waliojenga injini za mashindano na za ndege waligundua kwamba mafuta haya hung'ang'ania chuma hata joto likipanda kiasi cha kuyashinda mafuta mengine ya wakati ule. Mwaka wa 1909 kampuni ya Charles Wakefield huko Uingereza ilianza kuuza oili yenye mafuta ya mbarika ndani yake na kuipa jina Castrol, kutokana na jina la Kiingereza la mmea huo. Ubaya wake ni kwamba huacha gundi ndani ya injini, kwa hiyo baadaye oili za madini zilizoboreshwa zilichukua nafasi yake. Lakini kwa muda fulani, jibu la injini zilizochemka lilikuwa linaota nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, na hakuna aliyejua. Pengine ningecheka zaidi kama mkebe mmoja wa oili leo haungekuwa bei ya chakula cha siku tatu.

Vita vya Pili vya Dunia vililifanya swali la joto kuwa la majeshi. Kaskazini mwa Afrika Wajerumani walikuwa na pikipiki za BMW ambazo silinda zake mbili zimelala, moja kila upande, zimechomoza nje kama masikio ya ndovu. Harley-Davidson za jeshi la Marekani zilikuwa na silinda mbili zilizopangwa moja mbele, moja nyuma, na ya nyuma ilikuwa inapata hewa ambayo ya mbele imeshaipasha moto. Jeshi la Marekani likaiomba Harley itengeneze pikipiki ya jangwani. Harley hawakujifanya wabunifu: walichukua mpangilio wa BMW wakaunakili, na mwaka wa 1942 wakatoa kama pikipiki 1,000 zilizoitwa XA. Oili yake ilisemekana kuwa baridi zaidi kwa kama nyuzi 56 za selsiasi kuliko ya pikipiki yao ya kawaida. Nyuzi 56! Kwa kuhamisha silinda tu kuzipeleka kwenye upepo. Halafu vita vya Afrika Kaskazini vikaisha Mei 1943, jeshi likapenda Jeep, na XA ikaachwa. Huwa nafikiri juu ya zile pikipiki 1,000 zilizojengwa kwa ajili ya jangwa, na jangwa likaisha kabla hazijafika.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Tarehe 6 Oktoba 1973 mwandishi Ted Simon aliondoka London na Triumph ya cc 500, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, za kupozwa na hewa. Siku hiyohiyo vita vya Misri, Syria na Israeli vililipuka, na njia yake ilipitia Misri. Aliendelea. Akateremka Sudan, akavuka jangwa kati ya Atbara na Kassala kwenye mchanga mzito, akapanda Ethiopia, akaingia Kenya kupitia Moyale. Safari yote ilimchukua miaka minne, nchi 45 na zaidi ya kilomita 100,000, na kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka mwaka wa 1979. Wasafiri wengi wa pikipiki waliokuja baadaye wanakitaja kama waumini wanavyotaja msahafu. Hata Ewan McGregor na Charley Boorman, waliopita Moyale mwaka wa 2007 na magari ya kuwasindikiza na kamera zao, walikuwa wamekisoma.

Kilichonivutia ni Kenya ambayo Simon aliikuta. Barabara ya Moyale hadi Isiolo, kama kilomita 500, ilikuwa ya mawe na makorongo; lami haikukamilika hadi katikati ya muongo wa 2010. Vita vya shifta vilikuwa vimeisha mwaka wa 1967, lakini kaskazini yote ilikuwa bado inatazamwa kwa jicho la pembeni, kama chumba ambacho wenye nyumba hawakai. Na huku chini, mjini, kulikuwa na kundi la watu ambalo lilikuwa ndiyo kwanza limepewa jina na wasomi. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu ajira Kenya, na ndani yake wakaelezea watu waliofanya kazi nje ya mfumo rasmi: wafua vyuma, maseremala, mafundi wa magari chini ya miti. Ripoti ile ikaenea dunia nzima. Wenyewe hawakungoja ripoti. Walijiita jua kali.

Jina hilo tumelizoea hadi hatulisikii tena. Lisikie. Katika nchi ambayo injini hufa kwa joto, wanaozifufua wanaitwa kwa jina la joto lenyewe, kwa sababu wanafanya kazi ndani yake, bila paa. Mwaka wa 1985 Rais Moi alipozuru mafundi wa Kamukunji, ahadi iliyokumbukwa ilikuwa ya vibanda: kivuli. Mwaka wa 1992 kukatoka waraka wa serikali wa sera kuhusu jua kali. Lakini historia ya jua kali imeandikwa kama historia ya uchumi, ya ajira na kodi na mikopo. Ujuzi wenyewe, yaani kile fundi anachokijua mkononi, haujaandikwa sana. Na ndio uliozifikisha hizo pikipiki za vitabuni Cape Town.

Nitasimulia kisa kimoja kidogo, kwa sababu kinaonyesha ujuzi huo unafananaje.

Mwaka juzi tulikuwa wanne, tunatoka Laisamis kuelekea Loiyangalani. Barabara hiyo ilitengenezwa upya ili kupitisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na kama mtu amejenga mitambo 365 mahali, ujue upepo wa hapo si wa mchezo. Unatoka kusini-mashariki, unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unapita hapo kama maji kwenye mfereji. Sisi tulikuwa tunaelekea kaskazini-magharibi. Mgongoni, basi. Tulikuwa na mwendo wa kama 50 kwa saa kwenye changarawe, na vumbi letu wenyewe lilikuwa linatupita na kututangulia. Nililiona hilo vumbi, nikaona ni maajabu, nikataka hata kupiga picha. Kisha yangu, cc 250 ya mitumba, ya kabureta, ikaanza kuwa nzito. Mlio ukabadilika. Kukawa na harufu ya oili iliyoungua.

Tulifika kwenye soko dogo, vibanda vitano na mti mmoja. Chini ya mti kulikuwa na kijana, boda mbili zimefunguliwa mbele yake, vyuma vimepangwa juu ya gunia.

"Dada, mwenye hii pikipiki yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

Akaniangalia sekunde moja, basi. "Sawa. Zima. Igeuze."

"Niigeuze wapi?"

"Iangalie kule umetoka. Upepo uingie kifuani."

Nikaigeuza. Tukaketi. Mama mmoja akatuletea chai bila kuulizwa, chai ya maziwa ya ngamia, na akakataa kabisa tuseme ni ya kuuza hadi tulipomaliza. Kama nusu saa hivi fundi hakuigusa pikipiki. Mmoja wetu alitaka kuimwagia maji kwenye mapezi, akafokewa kama mtoto. "Hiyo ni chuma moto! Unataka ipasuke?" Akaendelea na boda zake. Alipoona imepoa, akachomoa plagi, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Unaona? Imekonda. Pikipiki za Nairobi huja na njaa. Huko juu zinakula kidogo, zikishuka hapa zinaungua."

Akafungua kabureta kwa bisibisi moja, akavuta sindano iliyo ndani, ambayo ina mikato midogo na klipu. Akaishusha klipu mkato mmoja, sindano ikapanda, akarudisha kila kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoeleza hapa. Shilingi 300.

Alichokisema kina fizikia kamili ndani yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo injini inahitaji petroli kidogo kuendana nayo, na aliyekuwa na pikipiki hiyo kabla yangu alikuwa ameirekebisha hivyo, ili isitoe moshi na isile sana. Ziwa Turkana liko chini ya mita 400. Ukishuka, hewa inakuwa nzito, lakini kabureta bado inagawa posho ya Nairobi. Petroli ikipungua kwenye mchanganyiko, moto ndani ya silinda unazidi kuwa mkali, kwa sababu petroli yenyewe, inapogeuka mvuke, huwa inapoza kidogo. Ongeza mzigo, ongeza nyuzi 37 za mchana, ongeza upepo wa mgongoni. Kila kimoja peke yake kinavumilika. Vyote vinne kwa pamoja vinaua. Fundi yule alikuwa ameviona vyote vinne kabla sijashuka kwenye kiti: mzigo kwa macho, jua na upepo kwenye ngozi yake, na Nairobi kwenye nambari za simu zilizochorwa kwenye boksi langu la nyuma.

Watengenezaji walikuja na majibu yao. Mwaka wa 2013 hata BMW, waliokuwa wameshikilia hewa na oili kwenye pikipiki yao kubwa ya safari, waliongeza maji kupoza injini. Nimeendesha moja ya aina hiyo mara moja. Ni kitu cha ajabu, haichoki. Kompyuta yake inapima hewa mara nyingi kwa sekunde na kugawa petroli yenyewe. Haiji na njaa. Lakini siku ikigoma, inaandika nambari ya kosa kwenye kioo, na kijana wa chini ya mti hana mashine ya kuisoma. Kwa hiyo inabebwa kwa lori hadi Nairobi. Sisemi turudi nyuma. Nasema tu kwamba ujuzi umehamishwa, umetoka chini ya mti ukaingia kwenye kompyuta ya dukani, na aliyeuhamisha hakumuuliza aliyekuwa nao.

Na kuna kipimo kingine cha joto ambacho vitabu vya safari havijawahi kukifikiria. Nenda Lodwar. Mchana wa kawaida pale ni kama nyuzi 35, mwaka mzima. Simama stendi saa saba. Boda ya cc 125 au 150, ya kupozwa na hewa, inaondoka na abiria wawili, gunia la unga na mtungi wa maji, kwenye barabara yenye mchanga, kwa kasi ya mtu anayekimbia. Gia ya kwanza, gia ya pili. Hakuna upepo wa kutosha kupita kwenye mapezi. Ni hali ileile iliyoikabili Panther ya Wallach kabla ya Agadez, mzigo mzito na mwendo mdogo kwenye mchanga, ila hii inafanyika mara ishirini kwa siku, na kesho tena. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa 2000, boda zimejaa hadi vijiji ambavyo gari hufika kwa msimu. Kama kuna watu duniani wanaojua injini ya hewa hufanya nini kwenye joto kali, ni hao. Hakuna anayewaita wasafiri.

Wengi hupenda kusema kwamba watu hawa hawana kumbukumbu ya maandishi, kwamba yao ni ya mdomo. Nami nilikuwa nasikia hivyo kila mahali hadi tuliporudi Isiolo. Mmoja wetu alihitaji cheni. Mzee mwenye karakana, mtu wa makamo ya baba yangu, alitoa daftari la shule la kurasa 200, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ili aandike tumelipa kiasi gani. Nikaona mistari mingi juu ya wetu. Nikamwomba anionyeshe.

"Hii ni ya madeni tu, binti yangu," akasema. "Utasoma nini hapo?"

"Ziko nyingine?"

Akacheka, akainama chini ya meza. Zilikuwa kumi na kitu, zimefungwa na ukanda wa tairi ya ndani, za chini kabisa zimelowa oili hadi kurasa zimekuwa kama karatasi ya maandazi. Mchwa walikuwa wameanza na moja. Akanipa stuli na kunikubalia nisome huku cheni ikifungwa. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa kalamu ya buluu, tarehe upande wa kushoto, kazi katikati, pesa kulia. Hakuandika majina ya wageni; aliandika walikotoka au walichopanda. Ukurasa mmoja wa mwezi Februari, kiangazi, miaka mingi kabla ya lami, nimeunakili kwa ruhusa yake.

Mjerumani wa pikipiki kubwa, waya wa klachi, amelipa. Boda wa stendi ya Marsabit, ringi na gasket, deni 400. Polisi, plagi, atakuja. Wazungu wawili mke na mume, injini imeshika, silinda imepelekwa Meru kuchongwa, wamelala kwangu siku nne. Boda wa stendi, amemaliza deni.